Maswali na majibu: Fedha za ubunifu, kutoka Unga Limited hadi Machame

Shikamoo mwalimu. Nina karakana Unga Limited. Nimeunda mashine ya kupukuchua mahindi inayoendeshwa na injini ya pikipiki. Elimu yangu ni darasa la saba. Nasikia serikali inasaidia wabunifu, nianzie wapi?

Marahaba, fundi. Darasa la saba si kizuizi. Nalisema hilo kwanza kwa sababu wengi wamejirudisha nyumbani kabla hata ya kuuliza. Mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu (MAKISATU), yaliyoanza mwaka 2019 chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, yana kundi la wabunifu wa mfumo usio rasmi, yaani watu kama wewe. Huko ndiko COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, inakowaona wengi wa wale inaowaendeleza.

Lakini usianze na barua ya maombi, anza na vipimo. Mwenye fedha atakuuliza: inapukuchua magunia mangapi kwa saa? Inakunywa petroli kiasi gani kwa gunia? Katika punje mia, ngapi zinavunjika? Ukimjibu kwamba "inafanya kazi vizuri tu", mazungumzo yameishia hapo. Nawe una bahati, maana CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, kipo Arusha hapa hapa, na kupima zana za kilimo ni sehemu ya kazi yake. TEMDO, wanaosanifu mitambo, nao wako mji huu huu. Peleka mashine ipimwe, utoke na ripoti yenye mhuri. Kisha iazime kwa wakulima wawili watatu wa Mbuguni au Karatu msimu mzima, uandike kila kilichovunjika. Daftari hilo litakusemea kuliko barua yoyote nitakayokuandikia mimi.

Ukishakuwa na hivyo viwili, pita SIDO, shirika la viwanda vidogo. Wanajua mambo ya karakana, mafunzo na mikopo midogo, na hutahitaji kuwaeleza lezi ni nini.

Sisi ni vijana wa Pasua, Moshi. Tunataka kutumia mkopo wa halmashauri wa asilimia kumi kutengeneza programu ya simu ya kuunganisha wauza ndizi na wanunuzi. Mnatushauri nini?

Ule ni mkopo, ingawa hauna riba. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya matatizo ya usimamizi, ukarudi mwaka 2024. Marejesho yana tarehe, na programu ambayo haijawahi kujaribiwa haina tarehe ya kuanza kuingiza hela. Msikope kwa ajili ya kubahatisha.

Fanyeni kazi hiyo kwanza kwa mkono. Chukueni simu, kundi la WhatsApp na daftari, mwende sokoni wiki nane. Mkiona wanunuzi wanarudi na kamisheni inapatikana, kopeni kwa ajili ya kile kinachokwama, huenda kikawa pikipiki ya kubebea mikungu na wala si programu.

Nikipeleka kifaa changu Nanenane pale Themi, si nitaibiwa wazo? Je, nisajili hataza kwanza?

Ndiyo, kama unataka hataza, yaani ulinzi wa kisheria wa uvumbuzi wako, wasilisha maombi BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kabla ya kukionyesha hadharani. Sharti kubwa la hataza ni upya, na kitu kilichokwisha kuonekana na umati kinaweza kuhesabiwa kuwa kimepoteza upya wake, hata kama aliyekionyesha ni wewe mwenyewe.

Jiulize pia kama unaihitaji kweli. Hataza ya Tanzania Bara haikulindi ng'ambo ya Namanga wala Holili. Kwa huko unaweza kupitia ARIPO, shirika la kanda lenye makao yake Harare, ambako ombi moja hutaja nchi kadhaa. Hiyo ni gharama, na kumshtaki mwizi ni gharama nyingine. Kwa mashine nyingi za karakana zetu, nashauri usajili jina na alama ya biashara, uuze haraka, na uwe na vipuri. Mtu anaweza kunakili chuma chako, lakini mkulima atamrudia anayepokea simu mashine inapoharibika.

Natengeneza unga wa ndizi Himo. Je, alama ya ubora ya TBS ni kwa wenye viwanda tu?

Hapana, mama. Chukua barua ya utambulisho SIDO, upeleke maombi TBS. Kuna utaratibu wa wajasiriamali wadogo, na miaka ya mwanzo hawatozwi ada ya alama. Usikubali kumlipa "dalali wa TBS".

Nilishinda tuzo ya ubunifu miaka miwili iliyopita. Cheti kipo ukutani, kifaa kipo stoo. Nilikosea wapi? (Bomang'ombe)

Swali hili limenikalia moyoni, kwa sababu nalisikia karibu kila mwezi.

Tuzo hulipia sampuli kifani moja, yaani kifaa cha kwanza cha majaribio. Haimlipii mteja wa ishirini. Kati ya kifaa cha maonyesho na kifaa cha ishirini kuna vipimo vya ubora, vifaa vya kutengenezea, mshahara wa fundi mchundo, na mtu aliye tayari kununua kitu ambacho jirani yake hajakitumia. Hapo ndipo fedha za umma zinapokatika, na hapo ndipo ningetaka sera zetu ziwekewe uzito.

Tazama maji yetu. Chemchemi nyingi za kuzunguka Meru zina floridi nyingi, na watoto wetu wana meno ya kahawia. Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru alibuni chujio, na mwaka 2015 akashinda tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Nalifurahia hilo kwa dhati. Lakini chujio lake lilipata miguu pale watu walipoanza kuuza maji yaliyochujwa kwa jirani zao, ndoo kwa ndoo. Wateja ndio waliolibeba.

Na mteja mkubwa kuliko wote nchini ni serikali yenyewe, kwa shule zake, zahanati zake na halmashauri zake. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu. Kama una kikundi kilichosajiliwa, ingia NeST, mfumo wa zabuni mtandaoni, leo. Tunga bei inayohimili kuchelewa kulipwa. Miaka ya nyuma karakana yetu ilipeleka mashine kwenye ofisi moja ya umma, tukasubiri malipo miezi kumi na moja, na mafundi wawili bora wakaondoka. Ruzuku haikutusaidia. Invoisi ile ingelipwa kwa wakati tungekuwa na watu wale hadi leo.

Mwanangu, zahanati yetu haina dawa. Kwa nini kodi iende kwa vijana wa majaribio, wengine wanashindwa? (Mzee, Machame)

Shikamoo mzee. Angalia kihamba chako. Kahawa ya zamani ilikuwa ikipigwa mrututu mwaka mzima kwa ajili ya chulebuni na kutu ya majani. Miche mipya inayostahimili magonjwa hayo imetoka Lyamungu, jirani yako, ambako utafiti wa kahawa ulianza mwaka 1934, na ambako TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, inafanya kazi tangu mwaka 2001. Mbegu moja huchukua miaka mingi, na michanganyiko mingi hutupwa njiani. Ile iliyotupwa ndiyo gharama ya ile iliyo shambani kwako.

Fedha zenyewe si nyingi. Nchi za Umoja wa Afrika ziliahidi kutumia asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Hesabu ya UNESCO ya mwaka 2013 iliiweka Tanzania karibu na nusu ya hapo.

Ila una haki ya kujua zilikokwenda. Mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa tena, simama umwombe mtendaji asome vikundi vya kijiji chenu vilivyokopeshwa, kiasi walichopewa, na waliokwisha kurejesha.