Mistari inayong'aa kwenye bolti: kawaida au ubovu?

Kaka, umeuliza kuhusu mistari inayong'aa kwenye bolti ya bunduki yako (kile chuma unachosukuma na kuvuta kufunga na kufungua chemba, mahali risasi inapokaa) baada ya risasi 40. Siyo ubovu. Rangi inakwanguka pale chuma kinaposugua chuma: ubavuni mwa bolti na nyuma ya yale masikio mawili ya kufungia (vinundu vinavyoishikilia bolti wakati wa kupiga). Hakikisha chemba ni tupu, kisha yaangalie masikio. Yakichubuka yote mawili, yanagawana mzigo. Likibaki moja na rangi yake kamili, mwonyeshe fundi mwenye leseni. Grisi nyuma ya masikio, kiasi cha punje ya mchele, inatosha.

Cha kukutisha ni ganda la risasi linalotoka na ufa, au kiwashio (kile kiduara kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti) kilichotoboka. Hapo acha kupiga.

Vya kuongeza: mkanda wa kubebea, na mpira wa kitako kama bega linauma. Kwenye darubini ya kulengea usibane hela ya pete zinazoishikilia kwenye bunduki. Skrubu zake nyingi zinataka takriban Nm 2 (soma karatasi ya mtengenezaji). Ukikaza kwa hasira unabonyeza bomba la darubini. Jicho likae sm 9 hivi kutoka kwenye kioo, la sivyo bunduki ikirudi nyuma utapasuka nyusi.

Ila kwa Dar, kutu ndiyo kesi yenyewe. Jasho la vidole pekee linaacha alama nyekundu kwenye mtutu. Futa kwa kitambaa chenye mafuta kila ukiishika. Mfuko wa bunduki wenye sponji ni wa safari tu, unanyonya unyevu. Nyumbani iwe kabatini kwa kufuli, na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Kabla ya kupiga, pitisha kitambaa kikavu mtutuni kutoa mafuta.