Kabla Hujauliza Bei, Isome Karata

Karata ya kwanza niliyoinunua kwa fedha yangu katika mchezo wa Magic: The Gathering ilikuwa Rashida Scalebane, nami niliinunua kwa sababu moja tu: shangazi yangu wa Tanga anaitwa Rashida. Karata hiyo ni ya toleo la Mirage la mwaka 1996, ambalo hadithi yake imewekwa katika nchi ya kubuni iitwayo Jamuraa, yenye sura ya Afrika, na humo Mswahili atakutana pia na akina Zuberi na Hakim kana kwamba ameketi barazani kwao. Niliitia katika jozi yangu kwa fahari kubwa. Mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 14 na ndiye aliyeniingiza katika mchezo huu hapa Birmingham, aliitazama kisha akaniuliza, "Mjomba, umeisoma?" Sikuwa nimeisoma. Kazi ya Rashida ni kuangamiza joka linaloshambulia au linalokinga, na jioni ile katika duka tunakochezea hakuna aliyekuja na joka. Bila joka, Rashida ni kiumbe mwenye nguvu 3 ya kutia madhara na ustahimilivu 4 wa kuyapokea, anayegharimu mana tano, mana ikiwa ndiyo sarafu ya mchezo huu. Nilikuwa nimelamba garasa, tena kwa hiari yangu.

Tangu hapo nimecheza miaka kadhaa, nimepoteza fedha kidogo na michezo mingi, na nimewafundisha watu wazima wenzangu wanaoona haya kuwauliza watoto. Ninachokiona kwao ndicho kilichonipata mimi: jina, picha, uadimu na bei ya karata huwaingia machoni kabla ya maneno yaliyoandikwa juu yake, na makosa yao karibu yote, ya mkakati, ya kanuni na hata ya biashara, huanzia hapo.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, ulibuniwa na mwanahisabati Mmarekani Richard Garfield, na kampuni ya Wizards of the Coast ikautoa mwezi Agosti 1993. Kila mchezaji huja na jozi yake mwenyewe, isiyopungua karata 60, wala haruhusiwi kuweka zaidi ya nne zenye jina moja, isipokuwa zile karata za ardhi ya msingi. Unaanza na uhai 20 na karata saba mkononi. Ardhi hutoa mana, na mana ndiyo unayolipia viumbe na uchawi wa kumshushia mwenzako uhai hadi sifuri.

Ushauri wangu wa kwanza unahusu ardhi, kwa kuwa hapo mkoba mnene hausaidii kitu. Anayeanza huziona kama ugali usio na mboga, akazipunguza ili apate nafasi ya karata za kusisimua. Mimi nilicheza na ardhi 20 katika jozi ya 60 kwa miezi mitatu, na kila nilipokwama niliilaumu bahati, mpaka mpwa wangu aliponiwekea hesabu mezani. Ukiwa na ardhi 20, uwezekano wa kuanza na ardhi moja au bila hata moja katika karata zako saba ni karibu asilimia 25, yaani mara moja katika kila michezo minne; ukiwa na 24, unashuka hadi asilimia 14 hivi, yaani mara moja katika michezo saba. Jozi ya haraka, ambayo karata zake nyingi zinagharimu mana moja au mbili, inaweza kuishi na ardhi 20. Yangu ilikuwa na Rashida wa mana tano na wenzake watatu wa mana sita.

Hesabu hiyohiyo inajibu swali la kwa nini wazoefu hawazidishi karata 60 hata wanapomiliki maelfu. Karata uliyoiweka mara nne katika jozi ya 60 utaanza nayo mkononi katika michezo 40 hivi kati ya 100, lakini ukiinenepesha jozi hiyo hadi karata 80, unabakiwa na michezo 31 tu. Kila karata ya ziada unayoihurumia inaisukuma mbali karata yako iliyo bora. Na mkono ukija mbaya, urudishe bila aibu: tangu 2019 kanuni inakuruhusu kuchukua saba nyingine, kisha uweke moja chini ya jozi kwa kila mara uliyorudisha. Mkono wenye ardhi moja na karata sita za kupendeza ni mkono mbaya, nami nimeushika mara nyingi mno nikitumaini kulamba dume zamu inayofuata.

Kuhusu mkakati wa mezani sina mengi, ila hili moja: mchezo unapoanza, jiulize ni nani kati yenu atakayeshinda mkikaa muda mrefu. Kama ni yeye, wewe huna budi kushambulia, hata kama kukinga kunaonekana salama zaidi. Na kama ni wewe, acha papara, uuze uhai wako taratibu kwa bei nzuri. Uhai 20 ni akiba ya kutumia, na aliyebakiwa na uhai mmoja akashinda ameshinda kama wengine.

Sasa kanuni, ambako ndiko ugomvi mwingi unakotokea, na ambako nitakaa kidogo. Jambo la kulielewa kuliko yote ni rundo. Unapotumia karata, isipokuwa ardhi, haifanyi kazi papo hapo. Inaingia kwanza katika rundo, na mpinzani wako anapewa nafasi ya kujibu kwa karata yake, ambayo inakaa juu ya yako. Wote wawili mkinyamaza, rundo linafunguliwa kuanzia juu, kwa hiyo iliyoingia mwisho ndiyo inayofanya kazi kwanza.

Nitatoa mfano wa karata tatu za bei ya karanga. Nina Grizzly Bears, dubu mwenye nguvu 2 na ustahimilivu 2, na mkononi nimeshika Giant Growth, inayompa kiumbe nyongeza ya 3 kwa 3 hadi mwisho wa zamu. Mpwa wangu ana Lightning Bolt, radi ya mana moja nyekundu inayotia madhara 3 popote inapolengwa. Nikitangulia mimi kumkuza dubu wangu, yeye anajibu kwa radi. Radi iko juu ya rundo, inafanya kazi kwanza, dubu bado ni mdogo na anakufa, kisha Giant Growth inakosa wa kumkuza na kuishia kaburini bure. Nimepoteza karata mbili kwa moja yake. Lakini nikisubiri apige radi yeye, ndipo nijibu kwa kumkuza dubu, karata yangu ndiyo iliyo juu: dubu anakuwa 5 kwa 5, madhara 3 yanamkwaruza tu, na mwisho wa zamu nyongeza na madhara huondoka kwa wakati mmoja, kwa hiyo hafi hata hapo. Karata ni zilezile, mana ni ileile, tofauti ni nani aliyevumilia. Nilichukua karibu mwaka mzima kuacha kuitupa Giant Growth mezani mara tu nilipoipata.

Rundo linajibu pia swali ninaloulizwa kila wiki. Prodigal Sorcerer ni mchawi ambaye mwenye karata humlaza ubavu mezani, ishara kwamba ametumika, ili atie dhara moja. Ukimuua kwa kujibu, baada ya uwezo wake kuwa umeshaingia katika rundo, dhara lile litatoka vilevile, kwa sababu uwezo uliokwisha kutumika haumtegemei tena aliyeutumia, kama jiwe lililokwisha kutoka mkononi. Watu wazima hulikataa jambo hili kwa hasira kuliko watoto, sijui kwa nini.

Kanuni mbili nyingine zitakuokoa. Maneno ya karata yakipingana na kanuni za jumla, karata ndiyo inayoshinda. Na karata moja ikisema unaweza na nyingine ikisema huwezi, isemayo huwezi ndiyo inayofuatwa. Ujue pia kwamba karata za zamani zimeandikwa kwa lugha ambayo imeshabadilishwa, na maneno yanayotambuliwa rasmi ni yale yaliyomo katika hazina ya kampuni yenyewe kwenye intaneti, iitwayo Gatherer, hata kama karatasi uliyoishika inasema vingine. Katika mashindano, ukiwa na shaka, inua mkono umwite mwamuzi kabla hujagusa kitu mezani.

Nimechelewesha bei kwa makusudi. Katika karata za tangu 1998, uadimu unaonekana katika rangi ya alama ya toleo iliyo katikati ya karata upande wa kulia: nyeusi ni ya kawaida, fedha si ya kawaida sana, dhahabu ni adimu, na rangi ya chungwa iliyoiva, iliyoanza mwaka 2008, ni adimu zaidi. Watu wengi hudhani dhahabu maana yake ni fedha mfukoni. Lightning Bolt ni moja ya karata zilizochezwa mno katika historia ya mchezo huu, na nakala yake unaipata kwa bei ya chai kwa kuwa imechapwa mara nyingi, ilhali sanduku langu lina karata adimu chungu nzima ambazo hakuna azitakaye hata kwa senti.

Bei hupandishwa na uhitaji ukikutana na uchache, na vyote viwili hubadilika. Tarmogoyf, ya mwaka 2007, iliwahi kuuzwa kwa zaidi ya dola 100 kipande kwa miaka mingi. Ikachapwa upya mara kadhaa, zikatokea karata za kuiondoa kwa mana moja, na leo inauzwa kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Oko, Thief of Crowns ilitoka Oktoba 2019, na Novemba mwaka huohuo ilikuwa imeshapigwa marufuku katika mashindano ya Standard, yale ya karata za matoleo ya karibuni tu. Zilizo salama dhidi ya kuchapwa upya ni zile za orodha ambayo kampuni iliahidi mwaka 1996 kutozichapa tena, baada ya wakusanyaji kulalamika. Black Lotus, karata maarufu ya tangu mwanzo wa mchezo, imo. Kwa hiyo, karata ya kuchezea inunue unapoihitaji, moja moja, wala usifungue pakiti kwa matumaini ya kurudisha gharama. Mimi nimejaribu.

Na usinunue karata ghali kwa haraka. Katika soko moja la vitu vya zamani niliuziwa Underground Sea kwa pauni 90, karata ambayo huuzwa kwa mamia, na nilijiona mjanja hadi nilipofika nyumbani. Mpwa wangu aliigeuza, akaweka kioo cha kukuzia juu ya ule mviringo wa kijani ulio mgongoni. Katika karata halisi, ndani ya kijani kile huonekana nukta nne nyekundu zilizojipanga kama herufi L. Katika yangu kulikuwa na ukungu wa rangi tu. Kioo kile kinauzwa pauni chache, nami sasa natembea nacho.

Ukitaka kuuza, angalia kwanza kingo za mgongo, maana weupe kidogo tu hushusha hali ya karata na bei yake pamoja. Duka litakupa takriban nusu ya bei litakayouzia, na hilo si wizi, kwani lina kodi ya kulipa na karata inaweza kulala kwenye kabati lake mwaka mzima. Zilizo chini ya pauni moja mimi siziuzi, kwa kuwa bahasha na stempu vinazimaliza. Nimezikusanya katika sanduku la viatu, na anayeanza huruhusiwa kuchukua humo chochote akipendacho, mradi anisomee kwanza maneno yake kwa sauti.