Mjukuu alisoma 6.1, kumbe ni 1.9

SWALI: Shikamoo dada muuguzi. Mimi ni fundi cherehani hapa Muheza, nina miaka 58. Kisukari ninacho mwaka wa 14 sasa, nachoma insulini asubuhi na jioni. Jicho la kushoto limekufa, la kulia naona maumbo tu, labda kitu nikisogeze karibu na pua. Mashine yangu ya kupimia sukari ni ya zamani, namba za kijivu kwenye kioo cha kijivu, kwa hiyo mjukuu wangu wa darasa la pili ndiye hunisomea. Mwezi uliopita nilianza kutetemeka, jasho likanitoka. Tukapima, akasema, "Babu, sita nukta moja." Nikatulia. Mke wangu alipoingia akaichukua mashine, akaigeuza: 1.9! Sukari ilikuwa imeshuka mno. Alinikorogea sukari mbio mbio. Je, ipo mashine ya mtu kama mimi, ya namba kubwa au inayosema? Sitaki kumbebesha mtoto uhai wangu.

JIBU: Marahaba, fundi. Barua yako nimeisoma kwa lenzi ya mkononi, mstari kwa mstari, maana kisukari kimenichukulia jicho moja na hili lililobaki linaona kwa shida. Ile 1.9 imeninyima usingizi.

Mjukuu wako alisoma alichokiona. Mashine ilikuwa kichwa chini, na namba za vioo vile zimeundwa kwa vijistari: 9 ikipinduliwa inakuwa 6, na 1 inabaki 1. Ishara pekee ni nukta, ambayo inakuwa imekaa juu badala ya chini, na mtoto wa miaka minane ataijuaje hiyo? Kwa hiyo leo, kabla hujanunua chochote, chukua kifungo cha shati hapo kwenye cherehani yako ukibandike kwa gundi upande wa juu wa mashine. Atakayeishika, yeyote yule, apapase kifungo kwanza.

Na mwili ukitetemeka jasho likitoka, usisubiri kioo kikupe ruhusa. Koroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Kama kweli ulikuwa 6.1, sukari itapanda kwa muda tu. Kukaa kimya na 1.9 ndiko kunakoua. Ukizimia, mtu asikumiminie kitu mdomoni, wakukimbize hospitali. Daktari wako naye aambiwe habari hii wiki hii hii, kwani huenda dozi ya insulini inahitaji kupunguzwa.

Mashine zinazosema zipo. Mpwa wangu aliniletea moja kutoka Marekani, na siku ya kwanza ikatamka kwa Kiingereza: mia moja na kumi. Mume wangu akashika kichwa. Nikamwambia agawanye kwa 18, akapata 6.1. Wenzetu wa Marekani hupima kwa miligramu kwa desilita, sisi kwa milimoli kwa lita, na mtu asiyelijua hilo anaweza kujichoma insulini asiyoihitaji. Lakini kilichonishinda ni stripu, vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu. Ilikuja na kopo la stripu 50, napima mara mbili kwa siku, siku ya 25 zikaisha. Nilizunguka maduka ya dawa ya Tanga mjini mpaka miguu ikavimba. Hakuna. Mashine nzuri ile iko kabatini hadi leo.

Ndiyo maana nakusihi: uliza stripu kabla ya kuuliza mashine. Zipo hapo Muheza? Mwezi ujao zitakuwepo? Bei yake je? Mashine unanunua mara moja, stripu utazinunua maisha yako yote.

Katika zile zinazofahamika madukani, Accu-Chek Instant ina namba kubwa na kioo kinachowaka taa kwa nyuma. Contour Plus One, jibu likitoka, huwasha taa ya rangi kwenye tundu la stripu: kijani, njano au nyekundu, kulingana na kiwango mlichopanga na daktari. Kwa jicho lako la maumbo, huenda rangi ikaonekana mapema kuliko namba. Zote mbili hutuma jibu kwenye simu kwa Bluetooth, na hapo ndipo utakapopata sauti yako. Simu za Android zina TalkBack, inayosoma kilichopo kwenye skrini, na sauti ya Kiswahili ya Google unaweza kuichagua kwenye mipangilio. Ila programu ya kupiga picha kioo cha mashine na kukisoma usiitegemee, vile vijistari huipotosha.

Damu je? Hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu stripu. Nawa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, ukauke vizuri. Kidole kilichomenya embe hutoa sukari ya embe. Ninginiza mkono chini kidogo, kisha toboa ubavuni mwa kidole, usitoboe katikati. Mimi huegemeza viganja vyote viwili mezani visitikisike, halafu naisogeza ncha ya stripu taratibu ikiambaa na ngozi hadi iguse tone, yenyewe hunyonya. Sikiliza mlio, kama mashine yako inao. Wewe umetunga uzi kwenye sindano miaka mingi, vidole vyako vinajua kazi hii kuliko vyangu.

Dukani nenda asubuhi, kabla hakujajaa watu. Chukua miwani, simu yenye TalkBack iliyowashwa, na mkeo. Omba uishike mashine, uingize stripu mwenyewe, upime hapo hapo, simu itamke jibu na mkeo athibitishe kwa macho. Vikipishana, au namba usipoiona wala kuisikia, irudishe kaunta uombe nyingine.