Herufi ina jina, lakini mtoto husoma kwa sauti yake

Jumamosi iliyopita tulikuwa kituoni tukisubiri daladala ya Mikindani, na kitindamimba wangu, aliyetimiza miaka 5 mwezi uliopita, akainua uso kukitazama kibao cha mbele ya gari na kukisoma polepole, silabi kwa silabi: “Mi-ki-nda-ni.” Hakuna aliyemwambia asome. Konda alicheka akamwita mwalimu, nami, sitaficha, niligeuka huku na huku kuhakikisha kwamba kituo kizima kimesikia.

Fahari hiyo ina deni nyuma yake, kwa sababu kifunguamimba nilimfundisha vibaya. Nilinunua bango la herufi sokoni, nikalibandika sebuleni, na kila jioni tukaliimba, a, be, che, de, mpaka akawa anafika zeti bila kukosea na wageni wanampigia makofi. Alipoingia darasa la kwanza, mwalimu aliandika ubaoni neno “mama”, naye akalisoma kama alivyofundishwa na mama yake: “emu, a, emu, a”, kisha akaunganisha alichokipata na kusema “emua-emua”. Wenzake wakacheka. Kwenye kikao cha wazazi niliambiwa mbele ya watu kwamba mtoto wangu ameimbishwa, hakufundishwa. Ni miaka 4 sasa na neno hilo bado linaniwasha, hasa kwa kuwa lilikuwa kweli.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kulijua jina la herufi ndiko kuijua herufi. Jina la M ni emu, lakini sauti yake ni ule mvumo unaotoka puani midomo ikiwa imefungwa, na ni mvumo huo, si jina, unaokutana na a na kuzaa ma. Mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa darasa la kwanza na la pili, ulioanza mwaka 2015, ulitaka mtoto atambue sauti, aziunganishe kuwa silabi, kisha silabi ziwe maneno. Mimi nilikuwa nabomoa jioni kile ambacho mwalimu alikijenga asubuhi. Ajabu ni kwamba nililelewa katika njia hiyohiyo bila kuitambua, kwani chuoni, yaani madrasa, ustadhi hakutuacha kwenye jina la herufi, bali alitupitisha kwenye alama za irabu za Kiarabu, fatha, kasra na dhumma, ba, bi, bu, hadi ulimi ukazoea.

Kwa huyu mdogo nilianza na irabu 5 peke yake, kisha nikaleta m, kwa sababu ni sauti inayovutika: unaishikilia, “mmmm”, na mtoto anaiona midomo yako ikifunguka kuingia kwenye a. Sauti kama b, k na t hazivutiki, na ukilazimisha kuzitamka zenyewe utajikuta umezibandika irabu, naye atasoma “bu-a-bu-a” mahali pa “baba”. Hizo mfundishe zikiwa tayari zimeshikana na irabu, ba, be, bi, bo, bu. Daftari halikuhitajika. Nilimwaga mchanga mkavu kwenye ungo, akachora herufi kwa kidole huku akiitamka, akakosea, akatikisa ungo, akaanza upya. Msimu wa korosho ulipofika tukapanga herufi kwa korosho zenye maganda (zisizopasuliwa, tafadhali, maana mafuta ya ganda lake yanaunguza ngozi). Miezi iliyofuata ilikuwa kurudia tu, na sina la kuisimulia.

Wazazi wenzangu, tuacheni kuwakaririsha watoto kwa ajili ya makofi ya wageni. Dakika 10 baada ya magharibi zinatosha, mradi sauti itangulie na jina lifuate baadaye. Msifuate mpangilio wa bango, na msiharakie ny, sh na ng', ambazo mtoto anapaswa kuziona kuwa sauti moja moja ingawa alama zake ni zaidi ya moja. Wangu bado anaisoma “ng'ombe” kama anayeanza kusema “ngoma”, nami simgombezi. Nimeshagombeza vya kutosha kwa yule wa kwanza.

Sikilizeni pia maneno yanavyotamkwa nyumbani, kwa maana mtoto huandika anachokisikia. Kwetu bibi yao, ambaye lugha yake ni Kimakonde, husema “kolosho”, na ndivyo mjukuu alivyoiandika mchangani kwa mara ya kwanza. Sikumsahihisha bibi, kwa kuwa mama mkwe hasahihishwi. Nilimwonyesha mtoto tu jinsi ulimi unavyotetemeka kwenye r. Siku ya pili nikamkuta amekaa mkekani na bibi yake, wote wawili vinywa wazi, akimwambia, “Bibi, utetemeshe ulimi, hivi,” na bibi anajaribu huku machozi ya kicheko yakimtoka.