Programu ya simu haiwezi kukupimia upendeleo wa gazeti

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Taita Taveta na ninasimamia klabu ya uanahabari ya shule. Mwanafunzi mmoja alituletea programu ya simu inayosoma habari na kutoa asilimia ya upendeleo ya kila gazeti. Gazeti tunalonunua shuleni limepata 18. Lile tunalolishuku siku zote limepata 15. Je, tuziamini namba hizi? Na kijana wangu aliye chuoni ananiambia niachane na magazeti kabisa, eti mitandaoni hakuna mhariri wala mwenye gazeti, kwa hiyo hakuna upendeleo. Nimjibu nini?

JIBU: Mwalimu, msiziamini. Na kama programu hiyo inadai malipo ya kila mwezi, ifuteni leo.

Kazi yangu ni kuchambua maudhui ya vyombo vya habari, na swali lako hunijia kila mara kwa sura tofauti. Wazazi, wanafunzi wa vyuo, hata mashirika yanayofadhili miradi ya uchaguzi, wote wanataka namba moja ya kuwamalizia mjadala, na wauzaji wa namba hiyo hawakosekani. Kinachoniudhi hasa ni imani inayowapatia soko: kwamba upendeleo ni uongo uliopenyezwa ndani ya habari, na habari isiyo na uongo basi haina upendeleo. Karibu kila anayeniandikia anaanzia hapo. Gazeti linaweza kutoka mwaka mzima bila sentensi moja ya uongo, na kila siku ya mwaka huo likawa limeegemea upande mmoja.

Kumbuka Agosti 2022. Wakenya walipiga kura tarehe 9, na tume ya uchaguzi, IEBC, ikaweka kwenye tovuti yake picha za Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais, moja kwa kila kituo, vituo 46,229 kwa jumla, mtu yeyote akiweza kuzifungua. Stesheni za runinga zikaanza kuzinakili na kujumlisha zenyewe. Fomu zilikuwa zilezile kwa kila stesheni. Lakini ukibadilisha chaneli ulikuta hapa William Ruto anaongoza, pale Raila Odinga anaongoza. Watu wakaanza kuulizana nani amenunuliwa.

Hakukuwa na haja ya mtu kununuliwa ili hilo litokee. Fomu zilikuwa makumi ya maelfu na mikono ya kuzinakili ilikuwa michache, kwa hiyo kila chumba cha habari kilianza na baadhi na kuacha nyingine zisubiri. Ukianza na vituo vya Kisumu na Homa Bay, Raila yuko mbele. Ukianza na Kericho na Uasin Gishu, Ruto yuko mbele. Ukizichukua kadiri zinavyoingia, umetanguliza maeneo ambako fomu zilitumwa mapema. Tarakimu zilitoka kwenye fomu halali za tume, na bado picha mbili zilizotokana nazo zilipingana mbele ya macho ya nchi nzima, kwa sababu tu ya kilichotangulizwa na kilichocheleweshwa.

Baadaye stesheni zikapunguza kasi, kisha zikaacha kabla ya kumaliza. Kwangu mimi uamuzi huo ulidhuru kuliko tofauti zile za namba. Uliwaacha wananchi mikononi mwa uvumi mpaka Wafula Chebukati, mwenyekiti wa tume wakati huo, alipotangaza matokeo tarehe 15: Ruto asilimia 50.49, Raila asilimia 48.85. Vyombo vilivyokuwa na uwezo wa kuwaonyesha watu hesabu yote, kituo kwa kituo, vilinyamaza wakati vilipohitajika zaidi. Kunyamaza huko hakuna sentensi unayoweza kuipigia mstari mwekundu. Programu yenu ingezipa stesheni zote sifuri ya upendeleo.

Nipe nafasi nikuonyeshe jambo hilo katika mstari mmoja wa gazeti. Chukua tukio la kubuni ambalo magazeti mawili yameliripoti asubuhi moja. La kwanza linasema: “Watatu wafariki katika vurugu za maandamano.” La pili: “Polisi wapiga risasi na kuua waandamanaji watatu.” Vichwa vyote viwili vinaweza kuwa kweli. Kichwa cha kwanza hakina aliyeua. Kuna vurugu tu, na watu waliokufa ndani yake. Msomaji wake atauliza nani alianzisha fujo. Msomaji wa cha pili atauliza nani alitoa amri ya kufyatua risasi. Wiki mbili baadaye wanaweza kukutana kwenye matatu na kubishana kuhusu polisi, kila mmoja akiwa na uhakika kwamba anasimamia kitu alichokisoma kwa macho yake, na kwa kweli alikisoma.

Hivyo ndivyo maoni ya umma yanavyoundwa kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1968 Maxwell McCombs na Donald Shaw waliwahoji wapiga kura 100 wa Chapel Hill, Marekani, waliokuwa bado hawajaamua wampigie nani. Wakalinganisha masuala ambayo watu hao waliyaona mazito na uzito ambao vyombo vya habari vya eneo hilo viliyapa masuala hayohayo. Mipangilio hiyo miwili ilifanana mno. Uchunguzi wa namna hiyo umerudiwa katika nchi nyingi tangu wakati huo.

Lakini kuna wanaodai kwamba runinga ikiamua, wananchi wanafuata tu. Hilo nalo si kweli. Stefano DellaVigna na Ethan Kaplan walichunguza miji ya Marekani ambako Fox News, stesheni ya habari inayoegemea upande wa kihafidhina, iliingia kwenye kebo kati ya 1996 na 2000, wakailinganisha na miji ambako ilikuwa haijafika. Kura za urais za chama cha Republican ziliongezeka kwa kati ya pointi 0.4 na 0.7 za asilimia katika miji iliyokuwa nayo. Ni kiasi kidogo. Lakini mwaka huohuo wa 2000, jimbo la Florida, na urais pamoja nalo, liliamuliwa kwa tofauti ya kura 537.

Sasa turudi kwa 18 na 15 zenu. Programu za aina hiyo mara nyingi huhesabu maneno ya sifa na ya lawama, kisha hugawanya. Nyingi zilifundishwa kwa maandishi ya Kiingereza kabla ya kubandikwa Kiswahili juu yake. Kwetu ukanushaji unakaa ndani ya kitenzi chenyewe: kati ya “kaunti imelipa wauguzi” na “kaunti haijalipa wauguzi” kuna silabi chache tu, na programu inayotafuta neno “lipa” inaona habari moja. Sentensi kama “haijulikani fedha hizo zilikwenda wapi” haina tusi hata moja, ilhali gavana akiisoma hatalala.

Hata programu hizo zikirekebishwa zikakijua Kiswahili sawasawa, zinasoma kilichochapishwa peke yake. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu kaunti fulani ikitoka, gazeti moja likaipa ukurasa wa kwanza na jingine lisiitaje kabisa, hilo la pili halina neno la kuhesabiwa. Linatoka safi. Huenda ndiyo sababu gazeti mnalolishuku limepata namba ndogo kuliko lenu. Sijui, na programu nayo haijui.

Ukitaka kujua kwa nini habari fulani haikuandikwa, watu watakuelekeza kwa mwenye gazeti. Ni kweli kwamba Standard Group inahusishwa na familia ya Moi na Mediamax na familia ya Kenyatta, na si siri. Ila mwenye mali hapigi simu kila siku. Anayehisiwa chumbani kila siku ni mlipa matangazo, na serikali ni miongoni mwa wakubwa. Machi 2024 serikali iliagiza matangazo ya redio na televisheni ya wizara na mashirika yake yapelekwe KBC, shirika la utangazaji la taifa, pekee. Agizo hilo lilipingwa mahakamani, lakini kila mhariri wa stesheni binafsi aliupata ujumbe: mapato haya yanaweza kukatwa kwa barua moja. Mhariri anayekumbuka barua hiyo hahitaji kuambiwa aache habari gani.

Ndiyo maana uchambuzi wa kweli wa maudhui ni kazi ya polepole. Unachagua siku kwa utaratibu, si zile zilizokuudhi. Unaandika mwongozo unaosema wazi ni nini kitahesabiwa: habari iko ukurasa gani, nani amenukuliwa na kwa aya ngapi, nani ametajwa bila kupewa nafasi ya kujibu, picha ni ya nani na yuko katika hali gani. Wasomaji wawili wanaainisha habari zilezile kila mmoja peke yake bila kuulizana, kisha mnapima walikubaliana kwa kiasi gani kupita kile ambacho bahati tu ingeleta. Wasipokubaliana, kasoro iko kwenye mwongozo na mnaanza upya. Pembeni mnaweka orodha ya matukio ya wiki hiyo kutoka vyanzo vingine, kama kumbukumbu za Bunge, hukumu za mahakama na ripoti za ukaguzi, ili muone kilichoachwa. Mtu anayekuletea asilimia bila kukuonyesha mwongozo wake na kiwango cha makubaliano anakuuzia maoni yake yaliyovishwa tarakimu. Na wako wanaotoza mashirika pesa nyingi kwa kazi hiyo, semina ya siku moja hotelini, cheti jioni.

Klabu yenu inaweza kuifanya kazi hii kwa magazeti mawili ya mwezi mmoja. Wanafunzi watachoka, na watajifunza.

Ila kuna jambo moja ambalo huenda usilipende. Mnasema lile gazeti “mnalishuku siku zote.” Mwaka 1985 Robert Vallone, Lee Ross na Mark Lepper wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utafiti ambamo waliwaonyesha wanafunzi habari za runinga zilezile kuhusu mauaji ya Wapalestina katika kambi za Sabra na Shatila, Beirut, mwaka 1982. Waliounga mkono Israeli walisema habari hizo ziliwaonea wao. Waliounga mkono Waarabu walisema ziliwaonea wao. Kwa hiyo hasira ya msomaji haitoshi kuwa ushahidi. Wagaweni wanafunzi ili kila gazeti liainishwe na mmoja anayelipenda na mmoja asiyelipenda.

Kijana wako mwambie hivi: mitandaoni mhariri yupo, tofauti ni kwamba hajitaji. Video inayomfikia imechaguliwa na mfumo unaotaka abaki kwenye skrini. Fowadi, yaani ujumbe unaosambazwa kutoka simu hadi simu, inayoingia kwenye kundi la familia imechaguliwa na mtu aliyeona nyingine nyingi akatuma ile iliyomfurahisha au kumkasirisha. Ule uteuzi niliokueleza wa 2022 unafanyika huko pia, kwa kasi zaidi, na bila jina. Gazeti la Kenya likikuonea, unaweza kulipeleka mbele ya Tume ya Malalamishi iliyoundwa chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013. Aliyetunga fowadi utampeleka wapi? Inanisikitisha kuona vijana wenye akili wakiacha gazeti kwa sababu lina mwenyewe anayejulikana, kisha wanaamini sauti isiyojulikana ni ya nani.

Na huko mitandaoni hatari ninayoiogopa zaidi kuelekea uchaguzi wa Agosti 2027 ni kura za maoni za kubofya. Akaunti fulani inauliza “Utampigia nani?”, maelfu wanabofya, na kesho yake kadi yenye rangi za stesheni maarufu inazunguka ikisema mgombea fulani ana asilimia 70. Wingi wa wabofyaji unawatisha watu wakadhani ni ushahidi. Mwaka 1936 jarida la Marekani la Literary Digest lilituma karatasi za kura zaidi ya milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi ya jarida yalitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, na waliojisumbua kurudisha karatasi walikuwa na sababu zao. Mwaka huohuo mtafiti wa kura za maoni George Gallup, kwa sampuli ndogo mno kuliko hiyo, alimtaja mshindi sawasawa.

Matokeo ya namna hiyo yakichapishwa asubuhi, jioni yanakuwa habari yenyewe: wachambuzi wanayajadili, wagombea wanayanukuu, wafadhili wanahama, na mpiga kura wa upande ulioambiwa unashindwa anajiuliza kama kuna haja ya kupanga foleni. Na mgombea wake akishindwa kwa haki, atakumbuka ile kadi ya asilimia 70 na kuamini ameibiwa. Kenya ina sheria tangu 2012 inayomtaka anayechapisha kura ya maoni ya uchaguzi aeleze nani aliilipia, ilifanywa lini, waliulizwa watu wangapi, walipatikanaje na waliulizwa swali gani. Wafundishe wanafunzi kuyadai hayo kwa kila kadi inayoingia kwenye simu zao. Isiyokuwa nayo wasiitume kwa mtu, hata kama inamsifu mgombea wa nyumbani kwao.