Maswali na Majibu: Upanga Wako Umeandikwa Daftari Gani?

Barua za mwezi huu zimetoka hapa mkoani Tanga, yaani Chumbageni, Makorora, Pongwe na Muheza, na karibu zote zinahusu kazi ya kutengeneza michezo ya mtandaoni ya kuigiza uhusika, ile ambayo mchezaji huingia na mhusika wake, akapigana, akauza na kununua, na akirudi kesho akakikuta alichokiacha. Hilo la mwisho nitalirudia hadi mnichoke.

Swali: Nataka kutengeneza mchezo kama World of Warcraft. Nianzie wapi? (Chumbageni)

Jibu: Hili ni swali la nne la namna hii tangu mwaka uanze. World of Warcraft ulitangazwa mwaka 2001 ukatoka Novemba 2004, na Blizzard walioutengeneza walikuwa wakiuza michezo ya Warcraft tangu 1994. Wewe, kwa maelezo yako mwenyewe, una kompyuta moja na bando la wiki. Tazama badala yake RuneScape, uliofunguliwa Januari 2001, kazi ya Andrew Gower akisaidiwa na ndugu yake Paul, uliochezwa ndani ya kivinjari. Au rudi hadi 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, ambako Roy Trubshaw na Richard Bartle walitengeneza MUD, mchezo wa maandishi matupu: unaandika uelekee kaskazini, mashine inakueleza unachokiona huko. Tengeneza wa maandishi wenye vyumba kumi na wachezaji wanne wanaoingia kwa wakati mmoja. Ukikushinda huo, picha nzuri hazitakuokoa.

Swali: Lugha gani ya programu ni bora kuliko zote? (Chumbageni tena)

Jibu: Ile ambayo hutaiacha mwezi ujao.

Swali: Mchezo wangu una wachezaji kumi na mmoja tu, lakini panga adimu zimezagaa. Je, nipunguze zile ambazo majini wa mchezoni huziangusha wakiuawa? (Makorora)

Jibu: Usipunguze kitu kwanza. Kijana aliyeandika swali hili tulikutana Ngamiani, Barabara ya 12, tukakaa kwenye benchi la muuza kahawa tukiwa na simu mbili. Simu ya kwanza ilikuwa na upanga, ya pili haikuwa nao. Nilimwambia autume upanga kwenye simu ya pili, na mara tu alipobonyeza nikaizima data ya ile ya kwanza. Tulipoiwasha, upanga ulikuwa kwenye simu zote mbili. Muuza kahawa, ambaye habari za seva, yaani kompyuta kuu inayouendesha mchezo, hazimhusu, aliinama akatazama, akauliza, “Sasa hapo nani kamkabidhi nani?”

Hilo ndilo swali lenyewe. Seva yake ilikuwa ikimwandikia mpokeaji kwanza, kisha ikisubiri simu ya mtoaji ithibitishe ndipo imfutie, na simu ilipokatika hakuna aliyefutiwa. Kutoa na kupokea lazima viandikwe kwenye kanzidata, yaani daftari la seva la kutunzia taarifa, kama muamala mmoja, ama vyote viwili viandikwe ama kisiandikwe hata kimoja, na kila upanga uwe na namba yake ili ukionekana kwa watu wawili ujulikane. Zaidi ya hayo, seva haiiulizi simu ya mchezaji ina nini. Seva ndiyo inayoiambia. Simu iko mkononi mwa mchezaji, na mchezaji ana usiku mzima wa kuifundisha uongo.

Kijana huyu alitumia miezi mitatu kuchora mpini wa upanga na jioni moja kupanga kanzidata, jambo ninaloliona kila mara katika mji huu. Nilipomchungulia zaidi nikakuta amehifadhi namba za simu za wachezaji wake bila kinga yoyote. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na haisemi kwamba mwenye wachezaji kumi na mmoja amesamehewa.

Swali: Mimi si mwandishi wa programu, ni mtunzi wa hadithi. Nina nafasi? (Muheza)

Jibu: Unayo, lakini ni nyembamba, kwa sababu katika michezo hii wachezaji hawafuati hadithi yako. Ultima Online, uliofunguliwa Septemba 1997, ulipangiwa na Raph Koster na wenzake pori linalojiendesha lenyewe, lenye wanyama wanaokula majani na wanyama wakali wanaowala hao. Wachezaji waliingia wakaua kila kinachotembea kwa kasi ambayo pori halikuweza kuifidia kwa kuzaa, na mpango wote ukaondolewa. Sisi wa pwani hii, tuliokua tukisikia mlio wa baruti za wavuvi, hatuna haki ya kushangaa. Jifunze basi bei na uhaba, ndipo utunge.

Swali: Mwanangu yuko mwaka wa pili chuoni, anataka kuacha ili atengeneze michezo. Nimruhusu? (Mama, Pongwe)

Jibu: Hapana, Mama. Somo la kanzidata na lile la mitandao anayodai yanamchosha ndiyo kazi yenyewe, na ujuzi huohuo unaendesha huduma za fedha kwa simu, kwa hiyo mchezo ukifa hatalala njaa. Nayo hufa. Final Fantasy XIV, wa kampuni kubwa ya Japani, ulifunguliwa 2010 ukawachukiza wachezaji, ukafungwa Novemba 2012, na Naoki Yoshida akaongoza kuujenga upya hadi ukarudi 2013. Mwulize pia atapataje fedha: akikutajia masanduku ya bahati nasibu, yale ya ndani ya mchezo ambayo mnunuzi hajui kilichomo hadi alipe, yanayouzwa kwa watoto, mkatalie. Ubelgiji iliyaita kamari mwaka 2018, nami sioni jina jingine la kuyapa.

Swali: Seva yangu iko Frankfurt, na wachezaji wa Tanga wanalalamika kwamba pigo linachelewa. Nibadilishe msimbo wa programu? (Makorora)

Jibu: Kutoka hapa hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000 hata kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya nyaya husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi tu hakupungui sekunde 0.06, kabla hujahesabu mizunguko ya nyaya za baharini na foleni za njiani. Kodi seva iliyo karibu, au ufanye mapigano yawe ya zamu, mmoja akipiga mwingine angoje.