Usaha machoni mwa mtoto mchanga usisubiriwe

Dada, umesema mwanao wa siku 4 anatoka usaha machoni, kope zimevimba, na bibi yake anashauri umkamulie maziwa ya mama machoni. Tafadhali mpeleke hospitali leo hii, hata ikiwa ni usiku, kwa sababu usaha mwingi unaoanza mapema hivi huweza kutokana na kisonono alichoambukizwa wakati wa kuzaliwa, ambacho kinaweza kutoboa kioo cha jicho na kumpofusha upesi. Klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, nayo hudhuru macho, ingawa kwa kawaida huchelewa zaidi. Ikithibitika ni kisonono, atahitaji sindano ya antibiotiki, kwani mafuta ya macho ya tetrasaiklini (dawa ya kupaka) pekee hayatoshi. Maziwa usimtie machoni kabisa. Wewe na mwenzi wako mpimwe pia, bila kulaumiana, maana kisonono kwa mwanamke mara nyingi hakionyeshi dalili.